Kofia ya Kijani kwenye Ukuta wa Padri

Mtu anayeziba dirisha mchana, jua likiwaka, ana lake jambo. Ndivyo nilivyolelewa kufikiri na sijaona sababu ya kubadilika. Kwa hiyo Padri Onofrio alipopanga chumba chetu cha juu, akalifunga dirisha kwa komeo, akapigilia mbao juu yake na kila ufa akaukandika nta, mimi sikusema karibu Baba. Nilisema moyoni, haya, tumepatikana.

Alikuwa mmoja wa mapadri wa ile shule kubwa, akiwafundisha hesabu watoto wa mabwana. Mwembamba, macho mekundu, kanzu nyeusi yenye madoa ya nta mpaka kifuani. Alisema kule shuleni madirisha yote yanatazama uani, naye anahitaji jua la asubuhi.

"Unahitaji jua, halafu unaziba dirisha?" nikamwuliza.

"Nahitaji jua kidogo tu, mama. La kupita hapa." Akanionyesha tundu alilotoboa kwenye mbao, dogo kama punje ya dengu.

"Na ukishalipata hilo jua la dengu, unalifanyia nini?"

"Nalitazama."

"Unalitazama jua gizani."

"Hasa! Umeelewa upesi kuliko wanafunzi wangu."

Sikuwa nimeelewa kitu, na sikupenda kusifiwa kwa nisichokielewa. Jioni nilimsimulia mume wangu, Procolo, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mwache mtu wa Mungu na giza lake, Vica. Wapangaji wengine huchungulia. Huyu hachungulii."

Nyumba yetu imeegemea mfereji, na ng'ambo ya mfereji ni mgongo wa kinu cha hariri. Ni ukuta mtupu kutoka juu hadi chini, ila mlango mmoja mdogo wa kutolea majivu, na kichochoro mbele yake. Dirisha la chumba kile ndilo pekee katika mtaa mzima lililoutazama mlango ule. Marehemu baba yangu aliapishwa na wakubwa wa chama cha hariri kwamba hatampangisha mgeni chumba hicho. Padri si mgeni, tulisema. Nilisema shingo upande, lakini nilisema.

Sisi wa Bologna tukitaja kinu tunashusha sauti hata tukiwa wenyewe. Maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha vijiti vya kusokotea, vijiti vinasokota uzi mwembamba na imara kuliko wa mji mwingine wowote. Venezia wangeuza mama zao ili wajue vimepangwaje. Anayeitoa siri hiyo nje hunyongwa. Akikimbia, chama humchora kwenye ukuta wa jumba la mji, ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Watoto wetu wengi wamejifunza kusoma kwa majina yale. Ndiyo maana kwetu shati la mwanamume halianikwi kwa pindo, kola ikining'inia chini. Mtoto akijitundika mtini miguu juu, mama yake humshusha kwa kofi kabla hajauliza ameumia au la.

Nyumba yetu yote ilikula kwa kinu. Mimi nilikunja uzi nyumbani kama nusu ya wanawake wa mtaa. Procolo alikuwa msimamizi wa zamu. Kaka yangu Floriano, mdogo wangu wa pekee, alikuwa fundi wa gurudumu, mikono ya dhahabu na mdomo usio na kufuli. Floriano ndiye aliyempenda Padri. Alikuwa akipanda kule juu kila Jumapili na kushuka ameduwaa, akipepesa macho.

"Dada, uzi una kivuli kipana kuliko wenyewe," aliniambia siku moja. "Na kivuli kina kingo za rangi."

"Na wewe una kichwa kidogo kuliko kofia yako. Huyo mzee anataka nini kwako?"

"Uzi mwembamba tu. Ule wa kifukofuko kimoja cha kiwavi, kabla haujasokotwa. Anaunyoosha kwenye mwanga."

"Floriano. Umetoa hariri kinuni?"

"Wee dada, hariri gani? Ni pumzi tu. Ukipiga chafya imepotea."

Nilimkata jicho, nikamwambia aache. Hakuacha. Wiki ya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Petronio kijiti kimoja cha kusokotea kilipotea kinuni, pamoja na kikombe chake cha chuma. Siku ya pili yake walinzi wa lango walianza kuwavua watu kofia. Kwenye kofia ya Floriano wakakuta karata ya kuchezea, imezungushiwa nyuzi ambazo hata mlinzi ilibidi azilambe ndipo ajue zipo.

Wakamfunga. Mkuu wa chama cha hariri, Bwana Galeazzo, mzee mzito anayevaa manyoya hata joto likiwa kali, akatangaza kwamba fundi atanyongwa baada ya sikukuu, isipokuwa aseme kijiti kiko wapi na kimekwenda kwa nani. Floriano angesema nini? Alisema nyuzi ni za Padri, za kutazamia mwanga. Wakamcheka.

Padri Onofrio alisikia, akakimbilia kwenye jumba la chama bila kofia. Afadhali angebaki nyumbani. Mlinzi wa mlangoni kule ni binamu yangu, na alinieleza yote. Padri aliwaambia mabwana kwamba kwa uzi ule amegundua mwanga hauendi moja kwa moja kama wanavyosema wakubwa wote wa zamani, bali ukipita pembeni mwa kitu chembamba unapinda na kujimwaga kama maji yanayopita jiwe.

"Anapinda mwanga," Bwana Galeazzo aliwaambia wenzake. "Kwa hariri yetu. Katika chumba kinachotazama mlango wetu. Na dirisha kaliziba asionekane. Haya, mabwana, nani ana swali?"

Hawakumkamata kwa kuwa ni padri, na padri ana wakubwa wake. Lakini mtaani tulikuwa tumeshamhukumu. Mapadri wa shirika lake wana nyumba Venezia, wana nyumba kila mahali, barua zao zinakwenda mpaka China. Procolo ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

"Nimeishi na nyoka juu ya kichwa changu," alisema kwa jirani, kwa mwokaji, kwa yeyote aliyesimama. "Amemtumia shemeji yangu kama mbuzi wa kafara."

Niliamini kila neno. Tena niliona mambo. Niliona jinsi Padri alivyokuwa akiingia na vifurushi na kutoka mikono mitupu. Niliona alivyofunga mlango kwa ndani. Nilikuwa nikilala na kuamka na jambo moja tu kifuani: kaka yangu anakufa kwa ajili ya mtu huyu, na mtu huyu anapanda ngazi zangu kila asubuhi akinisalimia "amani kwako, mama".

Siku moja mchana, wanawake wa kinu wakiwa wamekwenda kula na mfereji uko kimya, nikachukua ufunguo wangu nikapanda. Nilikuwa nimekusudia kukuta kile kijiti chini ya godoro lake na kukipeleka kwa Bwana Galeazzo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaufungua mlango bila kubisha.

"Funga, mama, funga! Unaniulia giza!"

Nikafunga kwa kishindo, mimi nikiwa ndani. "Nimekuja kuona uzi wa kaka yangu unafanya nini humu."

"Jua limeshapita," ilisema sauti yake pembeni. "Uzi ni wa asubuhi. Mchana naweka kioo cha miwani kwenye tundu, natazama ukuta tu, napumzisha kichwa. Simama hapo hapo, macho yatazoea."

Macho yakazoea.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa. Kinu chetu kilikuwa pale, rangi zake zote, kimesimama juu ya paa lake. Mbingu ilikuwa chini na mfereji juu. Na mbele ya mlango wa majivu watu wawili walikuwa wananing'inia, miguu juu, vichwa chini. Mmoja alivaa kofia ya kijani.

Kofia ile niliishona mimi, kwa kipande kilichobaki cha gauni langu la harusi. Hakuna nyingine katika mji huu.

"Yesu na Maria! Umemchora mume wangu! Umemchora Procolo kama msaliti!"

"Sijachora kitu, mama."

"Namwona kwa macho yangu! Kichwa chini! Nani kakutuma? Hujatosheka na kaka yangu, sasa unamtaka na mume?"

"Tulia. Tazama." Akaweka kiganja kwenye tundu. Ukuta ukawa mweusi. Akakitoa. Kinu kikarudi, mfereji ukarudi, na ile kofia ya kijani ikasogea hatua moja upande.

Nilipiga ishara ya msalaba. "Ni uchawi basi."

"Ingekuwa uchawi nisingechoka hivi. Mwanga unaotoka juu unateremka, unaotoka chini unapanda, yote inabanana tunduni na kupishana, basi huku ndani kila kitu kimegeuka. Askofu mwenyewe akipita kwenye kichochoro kile, hapa ukutani atapita miguu juu." Akacheka peke yake. "Si picha, mama. Ni kile kilichoko nje sasa hivi."

Sasa hivi. Nikatazama tena. Yule mwingine alikuwa mzoa majivu, nilimjua kwa gunia na mkokoteni wake. Msimamizi wa zamu hana shughuli na mzoa majivu. Kofia ya kijani ikatoa kitu chini ya koti, kimefungwa kitambaa, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kikaingia ndani ya gunia. Mzoa majivu akamwagia majivu juu. Halafu yule wa kofia ya kijani akapangusa viganja vyake pajani, taratibu, kimoja halafu kingine, kama Procolo anavyofanya kila siku ya Mungu kabla ya kushika mkate.

Niliketi sakafuni.

"Umeona rangi ile?" Padri aliuliza, ana furaha kama mtu anayemwonyesha mgeni bustani yake. "Vitu vingine hufifia vikifika ukutani. Ile haififii. Huja kila mchana, saa hii hii."

Nilishuka ngazi nikishika ukuta.

Niliwaza mambo ambayo sikuyataka. Kwa nini walinzi walianza kuwavua watu kofia siku ile na si nyingine? Procolo ndiye msimamizi. Nani alijua Floriano anaficha karata kofiani? Mimi nilijua, alinionyesha mwenyewe, na niliyemwambia ni mume wangu, kitandani, nikiomba amkanye. Na nani alikuwa na hakika kwamba hakuna jicho linaloutazama mlango wa majivu? Huyu hachungulii, alisema.

Lakini moyo wa mke haufungi kesi haraka hivyo. Jioni nilimpikia supu ya dengu na soseji, nikamkatia mkate. Akapangusa viganja pajani. Nikakaa mbele yake.

"Procolo, Floriano atanyongwa."

"Najua, mke wangu. Inaniuma."

"Kama kuna mtu anajua lolote, hata dogo, si angesema sasa?"

Alitafuna. "Kaka yako alijitakia. Nani alimtuma kucheza na mapadri?"

"Ni mtoto wa mama yangu."

"Na mimi ni nani? Ukiwa na mume una kila kitu." Akaniwekea kipande cha soseji kwenye sahani yangu, kile chenye mafuta, ninachokipenda. "Kula. Sikukuu ikipita tutahama. Nina rafiki Venezia, atanipa kazi nzuri. Utasahau."

Kama angenung'unika, kama angekataa kula, labda ningemwambia, nimekuona, kimbia, rudisha, fanya kitu. Aliponiwekea ile soseji nilimchukia. Nilikula hata hivyo, na ilikuwa tamu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Asubuhi nikaenda kwa Bwana Galeazzo. Nilipiga magoti, sikuona haya. Nilimwomba jambo moja: kabla hajamnyonga kaka yangu, aje aone kwa macho yake uzi ule ulifanya kazi gani. Alinitazama kama mtu anayenunua samaki asiye na hakika naye.

"Na wewe unapata nini nikipanda ngazi zako?"

"Kaka, bwana."

Alikuja, na ile karata ya ushahidi mfukoni, na walinzi wawili akawaacha jikoni kwangu. Padri Onofrio alifurahi mno kupata mgeni. Alinyoosha uzi mmoja kwenye ule mwali mwembamba wa jua, akaweka karatasi nyeupe nyuma yake, mbali kidogo. Kivuli kilikuwa pale. Nilikunja uzi tangu nikiwa msichana, najua unene wake kwa vidole, na kivuli kile hakikuwa cha uzi ule. Kilikuwa kinene kama cha kamba, na pembeni mwake kulikuwa na mistari ya rangi, buluu ikielekea ndani na nyekundu ikielekea nje.

"Unaona, bwana? Kama mwanga ungenyooka, kivuli kingekuwa chembamba. Umepinda. Hakuna mtu aliyewahi kuandika hivi."

Bwana Galeazzo aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Kinauzwa wapi hiki?"

"Hakiuzwi."

"Basi kinafaa nini?"

Padri akaunyoosha tena uzi wake. Nilimhurumia, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Sawa," alisema Bwana Galeazzo akijinyoosha. "Nimekubali nyuzi ni za wazimu huu. Hata tapeli hawezi kubuni upuuzi wa namna hii. Lakini kijiti changu kimepotea, mama, na kaka yako ni fundi wa gurudumu. Wazimu wa Padri haunirudishii kijiti." Akaanza kutafuta mlango.

Hapo ndipo nilipomshika kwa tumbo. Nilisema mzee asishuke na njaa nyumbani kwangu, ni aibu kwa marehemu baba. Nikapandisha mkate, jibini na mvinyo. Alikula taratibu, akimbishia Padri juu ya Venezia na China, na Padri akijibu kwa upole mambo ambayo hakuulizwa. Mimi nilikuwa nikisikiliza kinu. Gurudumu likipunguza sauti, wanawake wametoka kula.

Likapunguza.

"Padri," nikasema, "mwonyeshe bwana na ule ukuta."

Akazima mshumaa, akaweka kioo chake. Tukasubiri gizani, watu watatu tunapumua. Bwana Galeazzo alinusa kwa nguvu kama mbwa aliyefungiwa. Nadhani alifikiri tutamchoma kisu.

Kisha macho yake yakazoea, nikamsikia akisema "Mama wa Mungu", kwa sauti ya mtoto. Mzee huyu alikuwa ametia saini amri za kuchora picha kadhaa za jumba la mji. Alijua vizuri mtu aliyetundikwa kwa miguu anamaanisha nini.

Padri alieleza habari za mwanga unaopishana. Bwana Galeazzo hakuwa anasikiliza. Mzoa majivu alikuwa amefika na mkokoteni. Mlango ukafunguka. Kofia ya kijani ikatoka, miguu juu, ikatazama huku na huku, ikainua macho kwenye dirisha letu lililozibwa, ikaridhika. Ikaingiza mkono ndani ya koti.

"Ni kweli hiki?" Bwana Galeazzo alininong'oneza. "Ni sasa hivi?"

"Ni sasa hivi, bwana."

"Yule wa kofia ya kijani ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu alfajiri, na bado lilinikuta. Nilimwona Floriano akiwa mdogo, amelala na mdomo wazi. Nilimwona Procolo siku ya harusi, kofia mpya kichwani, akinizungusha uani mpaka mama akapiga kelele tutaanguka.

"Ni Procolo," nikasema. "Mume wangu."

Bwana Galeazzo akageuka kuutafuta mlango gizani, akawaita walinzi wake. Alijikwaa kwenye kiti. Na mimi, mikono yangu ikafanya jambo ambalo sikuwa nimepanga. Nikalivuta komeo, nikaisukuma mbao kwa bega, nta ikapasuka, na dirisha likafunguka wazi kwa mara ya kwanza tangu Padri alipohamia.

Ukuta ukawa mweupe mtupu. Kule chini, ng'ambo ya mfereji, mume wangu alikuwa amesimama kwa miguu yake kama watu wote. Akainua uso. Tulitazamana. Aliangalia mkono wangu kwenye komeo, akaelewa yote, naweza kuapa. Kisha akakimbia.

Walimkamata mzoa majivu pale pale, na ndani ya majivu wakakuta kijiti kingine, mwenzake wa kile kilichopotea, pamoja na kikombe chake cha chuma. Alisema kila kitu kabla hajaulizwa mara ya pili. Floriano alirudi usiku wa kuamkia sikukuu, amekonda, ananuka, bado anaongea. Nilimpiga kofi kwanza, halafu nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Bwana Galeazzo alinijia siku zilizofuata.

"Kwa nini ulifungua dirisha, mama?"

"Giza lilinitisha, bwana."

"Wewe? Giza?" Mpaka leo kuna mtu wake anayepita mbele ya mlango wangu akijifanya ananunua vitunguu.

Procolo hakurudi. Kwa hiyo wakamchora. Mchoraji alileta ngazi na ndoo zake kwenye jumba la mji, nami nilikwenda, nikasimama chini nikatazama akimtundika mume wangu kwa mguu mmoja. Alimpa ndevu ambazo hakuwa nazo. Akampa na kofia nyekundu.

"Ilikuwa ya kijani," nikamwambia.

"Kijani haionekani kwa mbali, mama," akajibu bila kugeuka.

Nilipofika nyumbani nilipanda juu. Padri alikuwa ameshakandika nta upya. Floriano hatampelekea uzi tena, nimemwapisha, na mzee alikuwa amekaa tu mbele ya karatasi yake nyeupe na mwali wake wa jua, hana cha kuweka katikati. Swali langu nilikuwa nimelibeba tangu siku ile.

"Padri, ulikuwa unamwona kila mchana. Ukutani hapo. Hukujua?"

Alifikiri kwa uaminifu. Huyo mtu hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliamini.

"Nilimwona, mama. Sikujiuliza anafanya nini. Nilikuwa namngojea kwa sababu ya ile kofia. Ilikuwa rangi nzuri kuliko zote ukutani."

Nilichomoa pini, nikashika unywele mmoja kichwani kwangu, mrefu, ulioanza kuwa mweupe. Nikaung'oa nikampa.

"Weka huu," nikamwambia. "Tuone kivuli chake."